Waitikiaji

Alhamisi moja baada ya mazoezi ya kwaya, kijana wa sauti ya nne alinisubiri nje ya kanisa mpaka wenzake wote walipoondoka. "Mwalimu," akasema, "kusikiliza Bongo Fleva ni dhambi?" Nikamwomba anioneshe anachosikiliza. Memori kadi yake ilikuwa kama kapu la sokoni: singeli, mahubiri, rapu, magoli ya Namungo, hotuba za wanasiasa, na nyimbo zetu wenyewe zilizorekodiwa kwa simu siku ya Pasaka, sauti ya kwanza ikiwa imepanda kuliko ilivyopaswa.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia achague yanayojenga, nikafunga mlango wa kanisa, nikaenda zangu. Mtu mwenye njaa haambiwi ale vizuri. Anaoneshwa chakula kilipo. Haya basi ndiyo niliyopaswa kumwambia jioni ile: wimbo mmoja, filamu na vitabu kadhaa, vyote vya mambo ya siasa, ambavyo ningependa vijana wetu na wazazi wao wavijue. Lakini kwanza ni lazima nieleze nimepata wapi kipimo ninachovipimia.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, ambao sina haja ya kuutaja, mgombea alifika ibadani kwetu. Alikaa mstari wa mbele, akasali kama sisi, na baada ya matangazo akapewa nafasi ya kusalimia. Salamu ikawa ndefu. Akatoa bahasha, akaahidi mabati ya kuezekea upande uliokuwa ukivuja. Watu wakaitikia Amina. Akaendelea, tukaitikia tena Amina. Alipomaliza, mimi ndiye niliyeinua mkono, na kwaya ikaimba wimbo wetu wa shukrani, ule wa siku ya mavuno, ila palipo na jina la Bwana tukatia jina lake. Hakuna aliyetulazimisha. Tulikuwa tumeufanyia mazoezi.

Mabati yalikuja. Nataka hili lieleweke. Mgombea yule hakutudanganya, na leo mvua ikinyesha hatusogezi mabenchi. Lakini wiki iliyofuata bibi mmoja anayekaa karibu na dirisha aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ule wimbo wa mavuno sasa ni wa nani?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo tukiuimba wimbo ule, yeye hufunga kitabu chake na kutazama nje.

Tangu hapo kila kazi inayohusu siasa, iwe ya kusikiliza, kutazama au kusoma, naianzia nyuma. Simtazami kwanza aliye jukwaani. Natazama wanaoitikia: ni akina nani, wanaitikia nini, na wanajua wanachoitikia? Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho jambo la namna hii katika waraka wake wa kwanza, sura ya 14: asiyeelewa kilichosemwa ataitikiaje Amina? Hakuona kwamba Amina ni adabu tu ya kumalizia maneno ya mkubwa.

Nianze na wimbo, kwa kuwa kijana aliuliza juu ya nyimbo. "Ndio Mzee" wa Profesa Jay, yaani Joseph Haule, umo katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu iliyotoka mwaka 2001. Huenda wewe msomaji uliucheza ujanani na sasa unawakataza wanao. Mwanasiasa anaomba kura. Ahadi zake zinapanda ngazi hadi mtoto mdogo anaona kwamba haziwezekani. Na kila anapovuta pumzi umati unamjibu ndiyo mzee. Watu wengi husema wimbo huu unawasema wanasiasa. Sikubaliani nao. Mwanasiasa ndiye mwenye maneno mengi, lakini jina la wimbo halikutoka kinywani mwake. Lilitoka kwa umati. Ahadi zinakua kila ubeti, na jibu linabaki lile lile. Sisi wa kwaya tunajua kazi ya kiitikio: ni sehemu ambayo kila mtu anaweza kuishika bila kufikiri, hata aliyechelewa kufika. Profesa Jay alijua hilo pia, ndiyo maana hata leo wimbo ukipigwa dukani watu hurukia pale pale kwenye kiitikio, wakicheka, bila kuona kwamba wamekwisha kuingia kwenye ule umati.

Hata hivyo wimbo una upungufu. Umati wake hauna sura. Hatuambiwi kwa nini watu wale wanasema ndiyo. Wanaonekana wajinga tu. Siku ile kanisani kwetu hatukuwa wajinga. Tulijua bei ya bati, tulijua korosho za mwaka ule zimelipa nini na ada za watoto zimemeza nini, na tulipiga hesabu. Mtu anaweza kusema ndiyo mzee akiwa na akili zake zote, na mtu huyo wimbo haukumgusa. Mwaka 2015 mtunzi mwenyewe alipanda jukwaani, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akakaa hadi 2020. Silisemi hili kwa kumcheka. Nasema tu kwamba ningependa siku moja kumsikia akieleza ile sauti ya watu inasikikaje ukiwa upande ule mwingine wa kipaza sauti.

Wenye kupenda vitabu wataona jambo kama hilo katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963, naye akiwa Rais, kisha akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969. Brutus anaeleza kwa nini Kaizari ameuawa, watu wanasema ndiyo. Anapanda Antony, dakika chache baadaye, watu wale wale wanasema ndiyo kwake na kwenda kuchoma nyumba. Mshairi mmoja anauawa njiani kwa sababu jina lake linafanana na la mtu mwingine. Mara nyingi nimewaza juu ya mkuu wa nchi changa kuketi usiku, kazi za taifa zote zikimngojea, na kutafsiri tukio lile neno kwa neno. Sisi tunaosoma habari za Jumapili ya Matawi na za Ijumaa Kuu katika juma moja hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Lakini umati unaoitikia si lazima uwe umati uliopotea. Kwa upande huo tafuteni filamu ya matukio ya kweli iitwayo Amandla!, ya Mmarekani Lee Hirsch, iliyotoka mwaka 2002. Inasimulia jinsi watu wa Afrika Kusini walivyopambana na ubaguzi wa rangi kwa kuimba. Jina lake ni nusu ya mwito: kiongozi aliita Amandla, yaani nguvu, na watu wakajibu Awethu, na hapo msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Jina lake la pili linasema yalikuwa mapinduzi kwa sauti nne, na kila mwalimu wa kwaya atatabasamu. Ni sauti zile zile nne tunazohangaika nazo kila Alhamisi, zilizofika kule, kama zilivyofika kwetu, mikononi mwa wamisionari.

Filamu inaanza makaburini. Inafukuliwa mifupa ya Vuyisile Mini, mtu wa vyama vya wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo, aliyetunga wimbo wa kumwonya Verwoerd, waziri mkuu wa makaburu. Alinyongwa Pretoria mwaka 1964 na kuzikwa kama mtu asiye na ndugu. Wimbo wake ukiusikia bila kujua maneno utadhani ni wa harusi. Kisha wanakuja wengine, wazee kwa vijana, akina Miriam Makeba na Hugh Masekela, na wengine wasiojulikana kabisa nje ya mitaa yao, wanakaa kwenye kiti jikoni na kuimba bila ala yoyote. Hata askari wa zamani wa kutuliza ghasia wanahojiwa, nao wanakiri hofu waliyokuwa nayo walipouona umati ukija kwa kucheza na kuimba.

Sehemu iliyonikaa ni ile ya wimbo "Meadowlands" wa Strike Vilakazi. Mwaka 1955 serikali ilianza kuwahamisha kwa nguvu watu wa Sophiatown, Johannesburg, kuwapeleka mahali paitwapo Meadowlands. Ukatokea wimbo wa kuchezeka juu ya kwenda huko. Wakubwa wakaupenda, wakidhani watu wameridhika kuhama, na kumbe waliouimba walikuwa wanawakejeli. Hapo niliisimamisha filamu nikatoka nje kidogo. Watu wale walijua kabisa wimbo wao ni wa nani.

Msiitazame filamu hii kama neno la mwisho. Inawapenda mno washindi. Haikai sana juu ya siku zile ambapo umati ulioimba ulimchoma moto jirani aliyedhaniwa msaliti, na mambo hayo yalitokea. Tena lugha zake ni Kiingereza na lugha za kwao, kwa hiyo bibi na babu watahitaji mtu wa kuketi karibu nao akiwaeleza. Kwetu tulitumia kompyuta ya mwalimu mmoja na shuka jeupe ukutani, na aliyekuwa akitafsiri alichoka kabla ya nusu. Gaweni siku mbili. Na mtakapoitazama kumbukeni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya, aliyetunga mwaka 1897 wimbo wa kumwomba Mungu aibariki Afrika. Ndio tunaousimamia wima kila sherehe ya taifa, kwa maneno yetu ya Kiswahili. Alifariki mwaka 1905, akiwa hajui lolote kati ya hayo.

Hugh Masekela niliyemtaja ananileta nyumbani. Alipokuwa mwanafunzi wa shule ya St Peter's alitazama filamu juu ya mpiga tarumbeta, akamwambia padri wa shule kwamba angepata tarumbeta asingemsumbua mtu tena. Padri akamnunulia. Baadaye, akiwa safarini Marekani, padri huyo alimweleza Louis Armstrong habari za bendi ya vijana wake, na Armstrong akawapelekea tarumbeta nyingine. Padri yule ni Trevor Huddleston, ambaye mwaka 1960 aliwekwa kuwa Askofu wa Kianglikana wa Masasi, akatumika huku kusini kwetu hadi 1968. Wazee wengi wanalijua jina lake. Wachache wanajua kwamba alikuja kwetu akiwa tayari ameandika kitabu kilichozunguka dunia.

Kitabu hicho ni Naught for Your Comfort, cha mwaka 1956, na anayesoma Kiingereza akitafute. Kiliandikwa kwa haraka na mtu aliyekuwa anaondolewa mahali alipopapenda, na haraka hiyo inaonekana: kinarudia mambo, na mara nyingine mwandishi anasimama mbele ya watu anaowaeleza hadi huwaoni vizuri. Hilo ndilo ninalolilaumu. Waafrika wa Sophiatown wamo kila ukurasa, lakini sauti yake ndiyo inayosikika. Ninachokipendea ni pale anapoliuliza kanisa lake lenyewe linaitikia nini kwa kukaa kimya. Na kuna jambo linalonisumbua kila nikilifikiri. Ilipokuja sheria ya elimu ya Bantu ya mwaka 1953, iliyowataka wamisionari wakabidhi shule zao ili Waafrika wafundishwe kuwa watumishi tu, shirika la Huddleston liliona ni heri kuifunga St Peter's kuliko kuikabidhi. Mapadri walisema hapana. Watoto ndio waliokosa shule. Je, walifanya sawa? Nimewauliza watu wanne wa kanisa letu, wawili wakasema ndiyo na wawili hapana, na mama mmoja kati yao akasema swali hilo lingeulizwa kwa wazazi wa wale watoto. Tungekuwa na moyo wa kurudisha yale mabati? Mimi sidhani.

Ipo filamu ambayo vijana wameniuliza na ambayo siipendekezi bila masharti. Ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza juu ya biashara ya sangara. Ilisifiwa sana Ulaya, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani. Minofu inapanda ndege kwenda nje, na watu wa pale wanabaki na mapanki. Hilo ni kweli na linauma. Ila filamu inadokeza juu ya ndege kuleta silaha bila kutuonesha ushahidi wenye kutosha, na katika saa nzima na zaidi sijaona mvuvi au mama wa mapanki akipewa nafasi ya kumgeukia mwenye kamera na kumjibu. Wanatazamwa tu. Mtazameni, lakini mkiwa na mtu aliyewahi kuishi kanda ya ziwa, naye aachwe azungumze.

Nimekiweka nyuma kitabu ninachokipenda kuliko vyote, Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichotoka mwaka 1969. Mwandishi ni mtu wa mkoa wetu, alizaliwa Kilwa mwaka 1943. Wengi wetu tulikisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri wahusika na dhamira, tukakisahau. Kisomeni tena mkiwa watu wazima.

Kinjeketile anaingia majini, anatoka na maji, na watu wanaamini kwamba yatageuza risasi za Wajerumani. Makabila yaliyokuwa yakichukiana yanaungana. Lakini Hussein anatuonesha jambo ambalo shuleni tuliliruka. Nabii akirudiwa na fahamu zake anaambiwa kwamba wakati roho ilipomshika alisema, pamoja na habari za ushindi, kwamba baadaye watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Unguja. Anashtuka. Kumtoa Mjerumani ili aingie sultani, huo ni uhuru gani? Anataka wasubiri, wajizoeze, wafikiri. Umati hausubiri. Umeshika sehemu ya neno unayoitaka na kuiacha nyingine, na neno sasa ni kubwa kuliko aliyelizaa. Yeye mwenyewe hawezi tena kulirudisha. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Si kwa sababu bado anaamini maji. Anajua watoto wa baadaye wataambiwa kwamba babu zao walikosea hata kusimama.

Hussein mwenyewe anatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuniwa, si yule wa historia moja kwa moja. Ni vizuri kulikumbuka hilo, kwa sababu historia yenyewe kwetu haijapoa. Mwaka 1905 misheni za Nyangao, Lukuledi na Masasi zilishambuliwa, na Agosti ya mwaka huo Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa upande wa Liwale. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza walioachwa na bunduki. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Kanisani tunawakumbuka mashahidi, na kwenye vilabu vya pombe wazee wanawakumbuka mashujaa, na mara nyingi ni mzee yule yule, siku mbili tofauti. Sijasikia bado mahubiri yanayowaweka wote katika sala moja. Tamthilia hii inakaribia kufanya hivyo, ingawa haikuandikwa na mtu wa kanisa letu wala kwa ajili yetu.

Na msiseme hayo yalikuwa ya watu wa zamani. Mwaka 2011 nchi nzima ilisafiri kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyafikia mafuta ya upako. Siwacheki waliokwenda, mwenye mgonjwa nyumbani huenda popote. Lakini nikisoma Kinjeketile naziona safari zile, na najiona mimi nikiwa nimeinua mkono mbele ya kwaya. Hapa Hussein anampita Profesa Jay: umati wake una sababu. Wanachapwa katika shamba la Mjerumani, wana njaa, wana hasira, na tumaini lao si ujinga. Ndiyo yao inawaunganisha na inawaua, na mwandishi hatusaidii kuamua ni lipi kubwa.

Mwaka huu, baada ya kuvuna ufuta, tuliamua vijana wa kwaya waisome tamthilia yote kwa sauti, jioni tatu, nje ya kanisa. Nakala tulikuwa nazo tatu, mbili zimekatika kurasa za mwisho. Kijana wa sauti ya nne alikuja na nakala yake aliyoitoa kwa mkono kutoka kwenye ile ya shule. Tulipogawana nafasi, watano walitaka kuwa Kinjeketile, wawili walitaka kuwa Kitunda, na hata askari wa Kijerumani aligombewa. Umati haukupata mtu. Nikawaambia umati nitausoma mimi. Yule bibi wa dirishani, aliyekuwa amekuja na kigoda chake kutazama tu, akasema tusogeze taa karibu naye, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali, na tumweleze ni mahali gani watu wanatakiwa kujibu.